Miaka 18 ya Mpira, Miaka 50 ya Baadaye: Denis Law

Hotuba kwa maveterani wa soka, baada ya bonanza la Jumapili, Dar es Salaam

Mwenyekiti, wazee wangu, kaka zangu, shemeji zetu mliokuja kuhakikisha wazee hawa hawachezi zaidi ya dakika 40, na nyinyi vijana mnaogawa maji: asalaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo. Na wale wa Manchester United, poleni kama kawaida.

Nimepewa muda mpaka supu iive. Mwenyekiti kasema ikiiva anachukua maiki yake, kwa hiyo mkisikia harufu ya pilipili manga mjue niko ukingoni.

Niliombwa niongee juu ya maisha ya mchezaji akishatundika daluga. Nilitaka kumchukua mmoja wetu kama mfano. Nikaangalia orodha, nikaona wote watakuwa wamekaa mstari wa mbele na wake zao pembeni. Nikaacha. Nikaona bora nimchukue mtu wa mbali, Mskoti, Denis Law. Wazee mnamjua kwa jina. Vijana mnajua sanamu: pale nje ya Old Trafford, uwanja wa Manchester United, kuna wanaume watatu wa shaba wameshikana mabega, George Best, Bobby Charlton, na yule wa katikati aliyenyoosha mkono juu. Huyo wa katikati ndiye.

Nilipiga hesabu moja usiku, ikaninyima usingizi. Law alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi mkesha wa Krismasi wa mwaka 1956. Ya mwisho kubwa aliicheza Juni 1974. Hapo kuna miaka 18 kasoro miezi. Alifariki tarehe 17 Januari 2025, ana miaka 84. Kutoka mechi ile ya mwisho mpaka kaburini ni miaka 50 na ushee. Kila kitu tunachokijua juu yake kimo ndani ya ile 18. Ile 50 aliishi vipi? Na sisi hapa, ambao wengi tulicheza miaka 10 tu, tumejipangaje na inayobaki?

Tuanze na mtoto. Alizaliwa Februari 1940 huko Aberdeen, mji wa bandari kaskazini mashariki mwa Scotland, mji wa mawe ya kijivu, baridi na samaki. Baba yake alikuwa mvuvi wa meli za bahari kuu, wiki nzima yuko majini, anaonekana nyumbani mwisho wa juma. Watu wa Kunduchi na Kigamboni hawahitaji kuambiwa nyumba ya namna hiyo inaendeshwa na nani. Watoto walikuwa 7, na Denis ndiye kitinda mimba. Daluga zake za kwanza zilikuwa za kupewa, mguu wa mtu mwingine umeshapita humo. Akafaulu kwenda shule ya vichwa vya mji, akakataa, kwa sababu kule walikuwa wanacheza raga. Akaenda shule nyingine yenye mpira wa miguu. Mzazi wa leo angemchapa.

Halafu alikuwa na makengeza. Si kidogo, makali, tangu utotoni. Shuleni anavaa miwani. Uwanjani miwani haivaliki, kwa hiyo akaingia mtindo wa kufumba jicho moja na kucheza na lililobaki. Hebu fumbeni jicho moja wote. Haya, wewe wa kofia nyekundu, mrushie jirani yako hiyo chupa ya maji. (Zilirushwa chupa tatu. Mbili zilianguka, moja ilimpata katibu begani.)

Mmeona? Sasa weka mpira wa kona hewani, beki yuko mgongoni, mvua inanyesha, na wewe una jicho moja.

Mwaka 1955, ana miaka 15, akapelekwa Uingereza kufanyiwa majaribio na Huddersfield Town. Meneja Andy Beattie alipomwona, kijana kakonda, miwani usoni, macho hayakutani, alisema waziwazi kwamba hajawahi kuona mtoto asiyefanana na mchezaji kama huyu. Kisha mpira ukawekwa chini. Wakamsajili. Akiwa hapo hapo Huddersfield alipasuliwa jicho likanyooka, na kwa mara ya kwanza akaanza kucheza yote mawili yakiwa wazi. Meneja aliyefuata alikuwa Mskoti mwenzake, Bill Shankly, huyu huyu aliyekuja kuijenga Liverpool, na Shankly akaona tatizo la kijana ni njaa tu. Akamlisha nyama na maziwa. Ligi akaianza na miaka 16, timu ya taifa ya Scotland na miaka 18.

Sasa nitakimbia, maana haya mnaweza kuyasoma wenyewe. Mwaka 1960 Manchester City walimnunua kwa pauni 55,000, rekodi ya Uingereza wakati huo. Mwaka 1961 Torino ya Italia wakatoa 110,000. Mwaka 1962 Manchester United wakamrudisha kwa 115,000, rekodi tena. Italia hakupapenda. Mpira wa kule ulikuwa wa kufunga milango na kumkaba mtu hadi chooni, na Februari 1962 nusura afie huko: mwenzake Joe Baker alikuwa anaendesha, gari likapinduka kwenye mzunguko wa barabara. Baker aliumia vibaya sana. Law alitoka na majeraha madogo.

Ila hapa City sipiti bila kusimulia mechi ya Luton. Januari 1961, Kombe la FA, City wako ugenini. Law peke yake katia kimiani mabao 6. Sita! Ubao unasoma 6-2, zimebaki dakika kama 20, mvua imegeuza uwanja jaruba la mpunga. Refa kaangalia, kapuliza, mechi imevunjwa. Ikarudiwa siku nyingine, City wakalala 3-1. Bao hilo moja la City alifunga nani? Law. Raundi moja ya kombe, mtu kafunga mabao 7, timu yake imetolewa, na kwenye vitabu ameandikiwa bao moja. Nyinyi wa ndondo mnajua, refa akikuvunjia mechi unaongoza 2-0 tu, anatoka uwanjani na polisi.

United ndiko alikokuwa Denis Law tunayemjua. Jukwaa la Stretford End lilimwita Mfalme, na ufalme wenyewe ulikuwa wa kazi. Hakuwa na mwili. Futi 5 na inchi 9, mbavu zinahesabika, nywele za njano zimesimama. Lakini krosi ikija alikuwa anaruka mapema kuliko beki, halafu, sijui niseme vipi, anabaki juu. Beki anapanda, anashuka, Law bado yuko hewani anamsubiri mpira. Jezi nje ya kaptula. Mikono ya jezi mirefu, na pindo la mkono amelikunja ndani ya ngumi, amelibana kwa vidole kama mtoto anayesikia baridi. Akifunga, mkono mmoja juu, kidole kimoja kimenyooka, pindo bado liko kiganjani. Basi, anarudi katikati. Hakuna kuserereka kwa magoti wala kukimbilia kamera. Nimeangalia picha zake nyingi na katika nyingi sana pindo limekamatwa.

Takwimu nitazitaja mara moja tu. Mechi 404 United, mabao 237, na mpaka leo waliomzidi klabuni ni wawili, Wayne Rooney na Bobby Charlton. Kombe la FA 1963, akafunga fainali. Ligi 1965 na 1967. Mwaka 1964 akapewa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya, na hakuna Mskoti mwingine aliyewahi kuipata, si mshambuliaji Kenny Dalglish wala nani. Kwa taifa, mabao 30 katika mechi 55. Dalglish naye ana 30, ila alihitaji mechi 102. Mdachi Dennis Bergkamp alipewa jina hilo na wazazi wake kwa ajili ya Law, sema kule kwao likaongezwa "n" ya pili.

Alikuwa pia na hasira za karibu, mtu wa kufungiwa mechi. Na uzalendo wake ulikuwa wa kuchekesha. Siku Uingereza inacheza fainali ya Kombe la Dunia 1966, nchi nzima imekaa mbele ya televisheni, yeye alichukua fimbo zake akaenda kucheza gofu, ili asione. Mwaka uliofuata, Aprili 1967, Scotland wakaenda Wembley kwa mabingwa hao hao wa dunia, wakawafunga 3-2. Bao la kwanza, Law.

Haya. Goti.

Naona mzee wangu pale nyuma ameanza kulisugua la kwake nilipotaja tu. Goti la kulia la Law lilikuwa limeshapasuliwa, gegedu likaondolewa, na halikupona sawasawa. Miaka ile dawa ilikuwa moja, sindano ya kotisoni. Unachomwa, maumivu yanalala, unacheza. Maumivu yakilala, goti halijalala, linaendelea kusagika kimya kimya. Wangapi humu mmechomwa sindano Jumamosi asubuhi mkacheza jioni? Msinyanyue mikono, shemeji wanaangalia.

Tarehe 29 Mei 1968 Manchester United walicheza fainali ya Kombe la Ulaya pale Wembley, wakawapiga Benfica 4-1 baada ya muda wa nyongeza. Klabu ya kwanza ya Uingereza kulichukua kombe hilo. Best kafunga, Charlton kafunga mawili. Law hakuwepo uwanjani, wala benchi, wala jukwaani. Alikuwa amelazwa hospitali Manchester, goti limefungwa bendeji, anaangalia kwenye televisheni. Miaka yote ile aliibeba timu, na usiku wenyewe ulipofika yeye yuko kitandani. Ninyi mliowahi kuikosa fainali kwa kadi ya njano au malaria mnajua jinsi wenzako wanavyokuja na kombe kukuonyesha, na wewe unacheka, na ndani pamepinda.

Akaendelea miaka mitano mingine, goti likiruhusu. Mwaka 1973 meneja mpya, Tommy Docherty, akamwachia huru. Law mwenyewe alisimulia kwamba alikuwa Aberdeen kwao, na habari hiyo aliipata kwenye televisheni kama mtu mwingine yeyote. Docherty alikuwa na maelezo yake, na yalifika hadi mahakamani, ila huko tusiende, supu itaiva.

Kwa hiyo Law, miaka 33, akavuka mtaa akarudi Manchester City. Na hapo ndipo likaja lile bao.

Tarehe 27 Aprili 1974. Old Trafford. United wako hoi mkiani, wanahitaji ushindi ili wabaki na tumaini. Ni 0-0, zimebaki dakika chini ya 10. Francis Lee anausukuma mpira ndani ya boksi. Law ameupa goli mgongo. Mtu aliyefunga kwa miaka 18 hafikirii, mguu unafikiri wenyewe. Kisigino. Mpira ukampita kipa Alex Stepney polepole, ukaingia.

Angalieni picha za dakika ile mkifika nyumbani. Wenzake wa City wanakuja wanamrukia, wanampigapiga kichwani. Yeye amesimama. Mikono iko chini. Hiyo ndiyo mara ile ngumi imefunguka. Anatembea kama mtu aliyeambiwa ana msiba, na punde akatolewa nje. Ule ndio ulikuwa mguso wake wa mwisho wa mpira kwenye ligi. Mashabiki wakaingia uwanjani, mechi ikakatishwa, matokeo yakabaki 1-0. United wakashuka daraja.

Wapenzi wa vijiweni husema Law ndiye aliyeishusha United. Si kweli, na nataka leo tulizike hili. Siku ile ile Birmingham walishinda mechi yao, na kwa matokeo hayo United walikuwa wanashuka hata kama Law angebaki nyumbani anakunywa chai. Lakini nenda kamwambie mwenye kisigino. Miaka zaidi ya 30 baadaye mwandishi alimuuliza ile hali ya kujisikia vibaya ilidumu muda gani. Akamrudishia swali: mechi ilichezwa lini? Kwa maana bado.

Sasa nije kwenye ile mechi ya mwisho kubwa, ambayo inatuhusu sisi kuliko mnavyodhani.

Law hakuwahi kucheza Kombe la Dunia maishani. Scotland walikuwa hawafuzu. Mwaka 1974 wakafuzu, kocha Willie Ormond akamchukua na miaka yake 34. Tarehe 14 Juni, mjini Dortmund, Ujerumani Magharibi, Scotland wanafungua dimba na nani? Na Zaire. Chui wa Zaire, mabingwa wa Afrika, timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Golini yuko Kazadi Mwamba, beki mmojawapo ni Mwepu Ilunga, wote wawili watu wa klabu ya Lubumbashi tunayoiita leo TP Mazembe. Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ndicho cha sokoni na cha uwanjani. Maana yake siku ile Mfalme wa Stretford End alikuwa anarukia krosi mbele ya kipa ambaye ungeweza kumfokea "toka!" kwa Kiswahili, akatoka.

Scotland walishinda 2-0, Lorimer na Jordan. Law hakufunga na hakupangwa tena. Scotland wakatoka suluhu na Brazil, sare ya 1-1 na Yugoslavia, wakarudi nyumbani hawajafungwa na mtu, wametolewa kwa tofauti ya mabao. Mabao mawili kwa Zaire hayakutosha. Brazil walitia matatu. Kombe lote la Dunia la Denis Law ni mechi hiyo moja. Agosti akatangaza kwamba basi.

Kwa hiyo ile miaka 50 inaanzia pale Dortmund. Na si yake peke yake. Upande wa pili alikuwepo kijana wa miaka 25, Ndaye Mulamba. Miezi mitatu kabla, kwenye Kombe la Afrika huko Misri, Mulamba alifunga mabao 9 katika mashindano yale yale moja. Rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo tunavyoongea, si na Eto'o, si na Salah. Nataka muwaone hawa wawili wanatoka uwanjani siku moja, mlango mmoja, halafu muwafuate.

Law hakuwa kocha. Wengi hawajui hilo. Hakutaka kabisa mambo ya umeneja. Alikwenda redioni na kwenye televisheni, akawa mchambuzi, mtu wa kicheko na lafudhi ya Aberdeen isiyofutika. Alimuoa Diana mwaka 1962, wakapata watoto 5, na ndoa hiyo ilidumu hadi alipokufa. Mwaka 2003 alipasuliwa saratani ya tezi dume akapona. (Wazee, tezi dume. Nimesema kwa sauti. Hakuna aliyekufa kwa kulitaja.) George Best alipokuwa anakata roho London mwaka 2005, Law alikuwa mmoja wa waliokaa naye hospitalini. Tarehe 29 Mei 2008, miaka 40 kamili tangu ile fainali aliyoikosa, ndipo sanamu ya watatu ilipozinduliwa. Yeye na Charlton walikuwepo wanajiangalia.

Na Aberdeen hakuisahau. Kuna taasisi yenye jina lake inayowapa watoto wa mji ule michezo ya bure mitaani, na mwaka 2017 kikafunguliwa kiwanja kidogo cha umma kwa jina lake. Alikuwa anachukia vile vibao vya "marufuku kucheza mpira" vinavyobandikwa kwenye kuta za majengo ya watu wa kawaida, akavipigia kelele. Mtu aliyejifunzia mpira barabarani na daluga za jirani, unategemea aseme nini? Mwaka huo huo mji ukampa heshima yake ya juu kabisa.

Mulamba je? Mwaka 1994 alialikwa Tunisia, akapewa heshima na shirikisho la soka la Afrika. Aliporudi nyumbani, majambazi wenye silaha walidhani amerudi na pesa. Wakampiga risasi ya mguu. Mguu! Akakimbilia Afrika Kusini, akaishia Cape Town, mkimbizi, analinda magari ya watu maegeshoni. Mwaka 1998, Kombe la Afrika likichezwa Burkina Faso, ikaja taarifa kwamba amekufa mgodini. Uwanja mzima ukasimama kimya kumkumbuka. Na yeye mzima wa afya Cape Town, anatafuta kibarua. Bara zima lilimsimamia akiwa maiti ya uongo, na akiwa hai hakuna aliyempa kiti. Alifariki Januari 2019, Johannesburg, ana miaka 70.

Sitaki kusema Law alikuwa mwema zaidi au mwenye akili zaidi. Mmoja alirudi kwenye nchi yenye pensheni, hospitali na vituo vya redio vinavyolipa, mwingine kwenye nchi ya Mobutu. Nasema tu walitoka mlango mmoja.

Na hata Law, pamoja na yote hayo, kuna deni moja la uwanjani lilimfuata mpaka nyumbani, na hili ndilo nililoombwa nilifikishe kwenu.

Agosti 2021, ana miaka 81, alitoa taarifa mwenyewe. Hakusubiri magazeti yanong'one. Alisema amegundulika ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, aina mbili kwa pamoja, Alzheimer na ule unaotokana na mishipa ya damu ya ubongo. Alisema anaona ubongo wake unavyochakaa, kumbukumbu inamkimbia pale anapoihitaji, anajua njia iliyo mbele ni mbaya kwa sababu ameshawaona marafiki zake wakiipita. Akasema anataka kuwa muwazi. Miezi mitatu baadaye alikwenda Aberdeen kuzindua sanamu yake katikati ya mji, mkono juu, pindo kiganjani.

Marafiki gani? Nobby Stiles wa United. Bobby Charlton. Kwa Waskoti, Billy McNeill, nahodha wa Celtic aliyelinyanyua Kombe la Ulaya 1967. Ni watu wa kizazi kimoja, na wengi wao walipiga vichwa vingi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, chini ya Dk. Willie Stewart, walichukua majina ya wachezaji wa zamani wa kulipwa 7,676 wa Scotland, wakawalinganisha na watu wa kawaida zaidi ya 23,000. Wachezaji walikufa kwa maradhi ya moyo kidogo kuliko wengine, mpira uliwasaidia hapo. Lakini kwa maradhi ya kuharibika ubongo walikufa mara tatu na nusu zaidi. Walipochambua tena kwa nafasi uwanjani, makipa walikuwa salama kama watu wengine. Mabeki ndio walioongoza.

Mimi nilikuwa namba tano, beki wa kati. Miaka 11.

Hakuna anayeweza kusema kichwa hiki au kile ndicho kilichomuua Law, na alikuwa mzee wa miaka 84, wazee husahau hata kama hawakugusa mpira. Lakini Waskoti hawakukaa kubishana. Tangu 2020 watoto wao wa chini ya miaka 12 hawafundishwi kupiga vichwa mazoezini, na tangu 2022 klabu zao za kulipwa zimeambiwa hakuna mazoezi ya vichwa siku moja kabla ya mechi wala siku moja baada yake. Sisi bado Jumanne jioni unamkuta kocha wa watoto amesimama na mipira 20, anawarushia mmoja mmoja, "ruka, paji la uso, paji la uso!" Na mimi nimefanya hivyo. Wiki iliyopita.

Mke wangu ameanza kuniambia naita watoto kwa majina ya ndugu zao. Nimemwambia nilianza hivyo zamani. Hakucheka.

Naona mwenyekiti ananyoosha mkono, na harufu imefika. Kwa hiyo: yule daktari kijana aliyecheza winga ya kulia leo, aliyewakimbiza, amekubali kuja Jumapili ijayo saa mbili asubuhi, kabla ya mechi. Ataangalia magoti, presha, na kwa wanaotaka ataongea nao chemba juu ya kusahau na juu ya ile tezi. Daftari liko mlangoni kwa katibu. Andika jina, ulicheza namba ngapi, miaka mingapi, na goti lipi. Katibu, jina la kwanza andika langu. Namba tano, la kushoto.